Nyumba Huonyeshwa Jua na Mvua

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa kalamu wala kiti. Nilipewa ndoo ya bati na fungu la funguo zilizofungwa kwa waya, nikaambiwa nikajaze ndoo kwenye mfereji. Nilikuwa nimevaa gauni la kanisani na viatu vya kuazima kwa dada yangu. Niliposikia anatafutwa msichana wa kuonyesha watu nyumba mpya, kichwani mwangu niliona mapazia na maua mezani. Nilikuwa mtu wa kuota mchana. Nikipita mbele ya nyumba nzuri mjini Kisumu nilikuwa nachagua chumba changu, naweka kitanda karibu na dirisha, naamua hata mtoto wangu wa kwanza atacheza wapi. Na mchumba sikuwa naye.

Hiyo ilikuwa miaka ya mwisho ya sitini. Kampuni yetu, ambayo sitaitaja, ilikuwa inajenga nyumba za kuuza kwenye tambarare, njia ya kwenda Kibos. Wanunuzi walikuwa Waafrika waliopata kazi nzuri baada ya Uhuru, watu wa reli, wa bandari, wa ofisi za mji, na akina mama wa biashara ambao waume zao walikuja tu kuitikia. Mkubwa wangu alikuwa Meneja wa Mauzo, mzee wa Kihindi aliyezaliwa hapo hapo Kisumu. Mimi ni Mmaragoli, na Dholuo yangu, lugha ya Wajaluo, wakati huo ilikuwa ya kubahatisha. Meneja alikuwa anaitumia kutaniana na akina mama wa samaki mpaka wanashika mbavu.

Niliporudi na ndoo alinipeleka jikoni mwa nyumba ya kwanza.

"Mwaga," akasema.

"Wapi, Bwana Meneja?"

"Hapo kwa sakafu. Yote."

Nikamwaga, nikaruka nyuma kuokoa viatu vya dada. Maji yakatembea. Mengine yalifuata njia ya tundu la kutolea maji, lakini mengine yalikwenda pembeni, yakakaa hapo chini ya ukuta.

"Unaona nini?"

"Naona maji, Bwana."

"Hata kuku anaona maji. Yamekwenda wapi?"

"Mengine yamekwenda kona."

"Basi hilo ndilo utamwambia mama anayenunua, kabla hajakuuliza. Mwambie kona hii inashika maji, fundi atairudia. Ukimaliza kusema hivyo, ndio unaruhusiwa kumwonyesha dirisha lako zuri."

Ndiyo ilikuwa kazi. Nilidhani nimeajiriwa kusifu nyumba, kumbe nimeajiriwa kusema aibu zake kwanza. Meneja alikuwa na mambo matatu ambayo muuzaji lazima aseme bila kuulizwa: maji, udongo na mpaka. Mengine yote ungeweza kungoja swali. Lakini mnunuzi akishauliza, ilikuwa ni kujibu kile alichouliza, si kile unachopenda kujibu.

Habari za udongo nilifundishwa na Msimamizi wa Mjengo, mzee mrefu wa Kijaluo aliyetembea na fimbo ya chuma ya kuchoma ardhi. Tambarare ya Kisumu ina udongo mweusi. Kiangazi unapasuka mpaka mkono unaingia kwenye ufa. Mvua ikija unakunywa na kuvimba kama unga uliotiwa hamira, na nyumba iliyokaa juu yake inainuliwa upande mmoja. Kwa hiyo mafundi wanauchimba wote, wanatoa, wanajaza maram, yaani ule udongo mwekundu wa changarawe, wanaushindilia ndipo wanaweka msingi. Fundi akichoka akaacha udongo mweusi kidogo chini, ukuta utamsema siku moja.

"Sio kila ufa ni ugonjwa," Msimamizi aliniambia, akipitisha kidole ukutani. "Huu mwembamba kama unywele ni wa plasta tu, imekauka haraka. Ule unaopanda kama ngazi, unafuata maungio ya mawe, huo umetoka chini. Ukiuona, usimlete mtu hapa. Niite mimi."

Na mpaka tulionyesha kwa miguu. Kwenye kila kona ya ploti mpimaji alikuwa amefukia bikoni, kipande cha chuma ndani ya zege. Mnunuzi alikuwa lazima asimame juu ya kila bikoni kwa miguu yake mwenyewe, mume na mke wote. Nimeona wakubwa wa ofisi wakiruka mitaro na tai shingoni kutafuta bikoni ya nne kwenye nyasi. Wengine walinuna. Mama mmoja alivua viatu, akasimama juu ya chuma na kufunga macho kama anaomba, na mimi nikaangalia pembeni nisije nikalia kazini.

Jambo la mwisho ndilo lililotufanya tuchekwe na makampuni mengine. Meneja hakumwuzia mtu nyumba aliyoiona wakati wa jua peke yake. Ukija Januari ukaipenda, atakuandalia chai, atakushikia nyumba yako, lakini atakwambia urudi mvua kubwa ikinyesha. "Nyumba ya Kisumu ina sura mbili," alikuwa akisema, "na utaishi na zote." Tulipoteza wanunuzi kwa ajili hiyo. Wengine walikwenda kununua kwingine, wakarudi kutusalimia baada ya masika, wakiwa wapole sana.

Sasa niwaambie juu ya nyumba namba saba.

Mama Peres alikuja kiangazi. Alikuwa mfanyabiashara wa samaki kutoka Asembo Bay, mwanamke wa kifua kipana, mwenye sauti ya kuvuka maji. Mume wake, Bwana Oluoch, alikuwa fundi wa injini za meli hapo bandarini, mtu mkimya aliyegonga kila ukuta kwa ngumi kama anasikiliza mashine. Wakati huo walikuwa wamepanga chumba mjini, na mama huyu alikuwa amechoka kupika kwenye veranda ya watu. Nilimwaga ndoo yangu namba saba, maji yakaenda tunduni bila kupotea. Mama Peres akasimama katikati ya jiko akiwa ameshika kiuno.

"Hii ndiyo," akasema. "Oluoch, hii ndiyo."

"Bado hatujaona hizo nyingine."

"Ziangalie wewe. Mimi nimefika."

Akatoka nje kumsalimia mlinzi. Mlinzi wetu aliitwa Odipo, kijana wa Pap Onditi, mpole, mwenye koti kubwa la jeshi alilorithi kwa baba yake. Alikaa kwenye kibanda cha mabati nyuma ya namba saba. Mama Peres alimwambia kwa Dholuo, hata mimi nikaelewa, "Nichungie nyumba yangu vizuri." Odipo akacheka akasema ataichunga. Mimi nilichukua maneno hayo kama mzaha wa kuagana.

Mvua ya mwaka huo ilikuja kwa nguvu. Asubuhi moja nilifika kazini nikiwa nimekunja gauni magotini, na kitu cha kwanza nilichoona ni blanketi na lile koti la jeshi vimeanikwa juu ya waya wa uzio, vinachuruzika maji. Anga bado nyeusi. Nikawaza, huyu naye, nani anaanika nguo kwenye mvua? Kibanda chake kilikuwa kimejaa maji mpaka kwenye kitanda. Odipo alikuwa amesimama mbele ya mlango wa namba saba na shati lililomgandia mwilini, anatetemeka. Na ndani nilisikia mtoto mchanga analia.

Mke wake alikuwa amekuja kutoka Pap Onditi ili ajifungulie hospitali ya mji. Uchungu ukamwanza kabla ya siku zake, jioni, barabara imefunikwa na maji na hakuna gari la kupita. Kibanda kikaanza kuelea. Odipo alikuwa na funguo za akiba, akafungua nyumba ya karibu. Mama aliyekuwa akiwauzia mafundi uji ndiye aliyempokea mtoto. Nikaingia nikamkuta amekaa na mzazi kwenye turubai, juu ya sakafu ile ile niliyokuwa naimwagia ndoo. Mtoto alikuwa wa kike, na kwa sababu amekuja na mvua walikuwa wameshamwita Akoth. Nilimbeba. Alikuwa na nywele nyingi kama kofia. Nikasahau kabisa kwamba niko kazini.

Odipo hakuingia. Aliongea nami kutoka mlangoni.

"Dada Rasoa, Meneja akijua nimekwisha."

Nilijua. Amri ya kampuni ilikuwa moja kwa wote: mtu hakai kwenye nyumba ambayo haijauzwa, awe fundi, mlinzi au msimamizi mwenyewe. Mlinzi wa kabla yake alifukuzwa kwa sababu ya kuanika dagaa sebuleni. Na Odipo akifukuzwa angepoteza na kibanda, maana kibanda kilikuwa cha kazi. Mtoto wa siku moja angelala wapi?

"Mimi sina mdomo," nikamwambia.

Mchana huo maji yalipopungua, mama muuza uji alimchukua mzazi na mtoto nyumbani kwake. Nilisugua sakafu mwenyewe. Nikaona mambo yamekwisha, na moyoni nilifurahi. Kwetu, mtoto kuzaliwa kwenye nyumba mpya ningesema ni baraka, nyumba imeanza na sauti nzuri. Sikuona kama ni kitu cha kumwambia mnunuzi. Hakikuwa maji, wala udongo, wala mpaka.

Mvua ikiwa bado inaendelea, Mama Peres na Bwana Oluoch walirudi kuona sura ya pili ya nyumba yao, kama walivyoagizwa. Meneja alikuja nasi na mwavuli wake mweusi. Tukaangalia gata, ile mifereji ya paa, maji yalikuwa yanashuka vizuri. Tukaangalia milango. Ule wa stoo ulikuwa umevimba, nikausema kabla hawajaugusa. Bwana Oluoch akapiga kuta ngumi, akaridhika. Walishasimama juu ya bikoni zote, Mama Peres na matope mpaka kwenye vigimbi vya miguu, anacheka. Tukaingia jikoni. Hapo ndipo alipogeuka akaniangalia usoni.

"Sasa binti wa Maragoli, niambie. Nani amelala hapa?"

"Mama?"

"Kwa nyumba hii. Tangu ijengwe. Kuna mtu na mke wake wamelala hapa?"

"Peres," mume akasema, "hii ni nyumba ya taun. Si dala ya kijijini. Hayo mambo tuyaache kule nyumbani."

"Wewe uliza mambo ya injini. Mimi nauliza mambo ya nyumba." Akanielezea kwa upole, kwa sababu mimi ni wa kabila lingine. Kwao, nyumba mpya inafunguliwa na wenyewe, mume na mke, usiku wao wa kwanza. Mume na mke wengine wakitangulia kulala humo, wameifungua wao, na wewe unaingia kama mgeni kwa nyumba yako mwenyewe. "Ukuta naweza kukarabati," akasema. "Hilo siwezi."

Meneja alikuwa nyuma yangu, na amri yake niliijua: mnunuzi akiuliza, jibu alichouliza. Odipo alikuwa mlangoni na rungu lake. Nikiongea nimemtupa barabarani yeye na Akoth. Nikinyamaza, mama huyu aliyekanyaga matope yote yale atalala maisha yake yote ndani ya nyumba ambayo kwake si mpya, na mimi nitakuwa najua.

"Mama," nikaanza, "hilo swali..."

Odipo akaweka rungu chini. Akaingia hatua moja, akaanza kusema kwa Dholuo, polepole, akiangalia sakafu. Alisema yote, maji ya kibanda, uchungu, ufunguo, mtoto. Alijua vizuri kwamba Meneja anasikia kila neno. Nilimwona Meneja anafunga mwavuli wake taratibu ingawa ulikuwa umeshafungwa.

Mama Peres alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja, na hilo nililielewa lote.

"Na wewe ulilala wapi?"

"Nje."

"Nje wapi? Mvua ile?"

"Hapo nyuma, kwa ukuta. Nilijifunika blanketi." Akainua macho kwa mara ya kwanza. "Mama, wewe ulisema ni nyumba yako. Ningelala ndani vipi na mke wangu, na wewe bado?"

Nje gata ilikuwa inamwaga maji. Ndipo nikakumbuka lile blanketi juu ya uzio, na koti, na jinsi alivyonisemesha kutoka mlangoni asubuhi ile huku mtoto wake wa kwanza analia ndani. Mtu alikuwa amekaa kwenye mvua ya Kisumu mpaka kukicha, ukuta mmoja tu kutoka kwa mke wake aliyejifungua, ili nyumba isiharibike kwa mwanamke aliyemsalimia siku moja.

"Nyathi yuko wapi?" Mama Peres akauliza. Mtoto yuko wapi.

"Kwa mama wa uji."

"Mwanamke kuzaa si kitu. Mtoto ni mtoto. Nyumba haijafunguliwa." Alimgeukia mume wake. "Oluoch, umesikia?"

"Nimesikia," alisema Bwana Oluoch. "Hata mimi wa taun nimesikia."

Meneja akakohoa. "Mama, nyumba ni yako ukiitaka. Lakini huyu kijana amevunja amri ya kampuni. Itabidi aondoke."

"Aende wapi?"

"Amri ni amri, Mama."

"Sawa. Basi nipe mkono tuagane, na mimi naenda." Aliongea bila hasira, kama anavyokataa samaki wa jana. "Mmeniambia mlango umevimba, nimeshukuru. Mmenikanyagisha vyuma kwenye matope, nimeshukuru. Huyu ameniambia kitu ambacho kingemtoa kazini, na nyinyi mnamtoa kazini. Kesho nikinunua kwenu, nani ataniambia ukweli? Wote watakuwa wamejifunza kunyamaza."

Meneja alitazama sakafu, pale pale nilipomwaga ndoo. Alikuwa mtu mgumu, lakini alipenda kusikia jambo likisemwa sawasawa. Akasema kitu kwa Dholuo, kwa haraka, na Mama Peres akapiga makofi akicheka. Baadaye nilimwomba Odipo anitafsirie. Alikuwa amesema, "Mama, ungekuwa unauza nyumba, mimi ningeuza samaki."

Odipo alibaki. Kibanda chake kilihamishwa kikawekwa juu ya maram iliyoshindiliwa, kama nyumba zenyewe. Na kuanzia hapo Meneja aliongeza jambo la nne kwenye yale matatu. Kila tulipomaliza maji, udongo na mpaka, ilikuwa lazima tuseme nani alishakaa ndani ya nyumba hiyo tangu msingi, na kama kuna fundi aliyeumia akiijenga. Wakikuyu waliokuja kununua kwa ajili ya maduka yao walishangaa kidogo, lakini hakuna hata mmoja aliyesema hataki kujua.

Mama Peres alihamia na chungu chake na moto wake, na mume wake. Siku ya pili alinitumia samaki, ngege mkubwa aliyefungwa kwenye karatasi, na ujumbe wa mdomo kwamba amelala vizuri.

Mimi nilihamishiwa Sondu mwanzoni mwa miaka ya sabini, kampuni ilipojenga nyumba za duka chini na makao juu karibu na mto. Huko mkubwa wangu alikuwa Karani Mkuu, mtu wa haraka, aliyetaka niache ndoo nitumie maneno. Nilijaribu wiki moja. Nikarudi kwenye ndoo, yeye akaniacha. Kutoka Sondu nikarudishwa Kisumu ofisini, nikafanywa Msimamizi wa Mauzo, nikapata kiti ambacho nilikuwa nakiacha kila saa. Bwana Meneja alikuwa ameshastaafu. Kila kiangazi niliwaambia wanunuzi warudi mvua ikinyesha, na kila mwaka vijana wa ofisini walinicheka mpaka masika yafike.

Sikupata kununua nyumba kule kwenye tambarare. Ndoto zile za mapazia nilizigawa kwa watu wengine, moja moja, na funguo zake, na sijuti. Nimestaafu niko Maragoli kwenye kilima, udongo mwekundu, hakuna kinachovimba. Mwanangu aliponijengea nyumba hii nilimwaga ndoo jikoni kabla ya sala ya kuiweka wakfu. Maji yakaenda kona. Mchungaji alisubiri tukiyafagia.

Akoth huja kuniona. Sasa ana wajukuu. Mama Peres, alipokuwa hai, hakuruhusu mtu kumwita Akoth mgeni katika namba saba, na alimtengea kiti chake jikoni.

Nyinyi vijana mnaouza nyumba siku hizi mnaniambia kila kitu kimeandikwa, mnunuzi anatia sahihi tu. Ni vizuri. Mwonyesheni hayo makaratasi, na mmwonyeshe mvua pia. Mimi nikipelekwa kwenye nyumba mpya, watu hunivuta mkono wanionyeshe vigae. Naomba wanisubiri kidogo. Kwanza nazunguka nyuma, naangalia uzio, nione kama kuna blanketi limeanikwa, na ni la nani.